Neno la Kuwashia

“Geuka, shemeji.”

Mama Herufi akageuka. Akautazama mlango, na wateja waliojipanga mlangoni wakamtazama yeye usoni, maana hawakuwa na mahali pengine pa kutazama. Nyuma yake alisikia vidole vya shemeji yake vikidonoa kibodi kimoja kimoja, kama kuku anayechagua punje mchangani. Kisha mashine ikatoa mlio wake wa kukaribisha. Shemeji akasema, “Haya, fanyeni kazi,” akachukua funguo za pikipiki mezani na kuondoka. Hakuaga mtu.

Ndivyo siku zilivyoanza tangu mumewe apigwe na kiharusi. Duka lilikuwa chumba kimoja kando ya barabara: meza ya kompyuta, printa, mashine ya kopi iliyokuwa ikikohoa wino, na benchi la wateja. Mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mwalimu ingawa hakuwahi kushika chaki, alikuwa amelala nyumbani, upande wa kulia umekufa ganzi na ulimi umekuwa mzito. Kompyuta ilikuwa na neno la siri, na neno hilo Mwalimu alimnong'oneza mdogo wake, dalali wa nyumba, pale pale kwenye kitanda cha hospitali. Mkewe alikuwa amesimama upande wa pili wa kitanda hicho hicho, ameshika bakuli la uji.

Kwa hiyo dalali alikuja asubuhi kuwasha na jioni kuzima. Jioni alifungua pia droo ya meza, akazoa kilichokuwemo, akasema ni cha dawa za kaka. Dawa nyingine zilifika, nyingine ziliishia njiani.

Wateja ndio waliompa jina la Mama Herufi, kwa namna vidole vyake vilivyokimbia juu ya kibodi huku macho yake yakisoma karatasi ya mteja. Kuchapa alijifunza akiwa msichana, kwa taipureta, kabla hajaolewa. Barua zote za duka lile, tangu lifunguliwe, zilitoka mikononi mwake. Lakini kuwasha mashine ilikuwa kazi ya Mwalimu, na kuzima ilikuwa kazi ya Mwalimu. Yeye alifika akakuta imewashwa, na jioni akaondoka kwenda kupika ikiwa bado inawaka. “Hiki chombo kina roho nyepesi,” mumewe alikuwa akimwambia. “Ukikizima vibaya kinaungua, na kila kilichomo kinaungua nacho.” Akaamini. Mtu huamini kwamba pasi ni ya moto bila kuibandika shavuni.

* * *

Siku mambo yalipoharibika, kwenye benchi alikaa mlinzi mmoja aliyefukuzwa kazi. Alikuwa mtu mrefu, mwenye koti la kazi lililobanduliwa nembo. Alitaka rufaa ichapwe na kupelekwa kwa mwajiri siku ile ile, maana siku za kukata rufaa zilikuwa zinaishia hapo.

“Wanasema nililala lindoni,” alieleza. “Sikulala, mama. Nilianguka. Nilikuwa na homa, na nilimwambia msimamizi tangu mchana. Andika hivyo. Andika kwamba nilimwambia.”

“Alikujibu nini?”

“Alisema homa haina ruhusa ya maandishi.”

Mama Herufi aliandika. Aliyanyoosha maneno ya mlinzi bila kuyanyang'anya ukali wake, kazi ambayo watu walitoka mitaa mingine kuifuata. Ukurasa wa kwanza ulijaa, wa pili ukafika katikati. Alikuwa anaandika mahali mlinzi anapoomba apewe nafasi ya kujieleza, na hapo feni ikapunguza mwendo, kioo kikawa cheusi, na mtaa mzima ukanyamaza kama uliofunikwa blanketi. Chini ya meza kulikuwa na betri ya akiba, lakini ilikufa zamani, na dalali alikuwa ameahidi kununua nyingine kila Jumamosi ilipofika.

Umeme haukukawia kurudi. Feni ikaanza kuzunguka, redio ya kinyozi wa jirani ikaendelea na porojo zake. Kompyuta ilibaki kimya.

“Umesharudi,” mlinzi akasema. “Washa tumalizie.”

Mama Herufi alikitazama kile kitufe. Kilikuwa pale, mbele ya boksi la kompyuta, kikubwa kama kifungo cha koti, na mkono wake ukakataa. Alichukua simu akampigia shemeji.

“Umeme ulikatika, mashine imezimika. Kuna mtu hapa ana rufaa ya leo leo.”

“Niko na watu nawaonyesha nyumba,” dalali akajibu. “Uliizima vipi?”

“Sikuizima. Umeme ulikatika.”

“Umeme, umeme. Kila kitu umeme. Usiguse chochote, nitapita.”

“Shemeji, basi nitajie hilo neno kwa simu nimalizie ya huyu tu.”

Shemeji akacheka kicheko chembamba. “Neno la kaka yangu nilitaje kwenye simu, barabarani? Shemeji, wewe.” Simu ikakatwa.

Mlinzi alikuwa amesikia kila kitu, maana chumba kilikuwa kidogo. Alisubiri. Jua lilihama kutoka kwenye benchi likapanda ukutani, naye bado anasubiri, koti amelikunja magotini. Mwisho akainuka, akaomba karatasi nyeupe na kalamu, akasema ataandika kwa mkono njiani. Pale mlangoni akasita.

“Mama, samahani nikuulize. Kwani hii mashine si yenu?”

“Ni yetu.”

“Basi iwashe.”

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayemwonyesha mwenzake kwamba kamba ya kiatu imefunguka. Kisha akaenda zake.

Dalali alitokea jioni. Alipowasha, kioo kilileta maandishi meupe kwenye weusi, kikajikagua kwa muda mrefu, na wateja waliobaki wakanong'ona. Yeye akasimama katikati ya chumba mikono kiunoni.

“Mnaona mambo haya? Mashine yenyewe inalalamika kwamba imezimwa vibaya. Mtu hata kuzima hajui, ndiye mnataka aachiwe duka. Siku moja atatuunguzia kazi ya ndugu yangu yote, halafu tutaanza kutafutana.”

Watu wakatazama chini. Rufaa ya mlinzi ilipofunguliwa, palikuwa na jina lake na anwani, basi. Mengine yote yalikuwa yamepotea.

Miongoni mwa wateja alikuwamo katibu muhtasi wa shule ya jirani, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, aliyeleta mitihani ya kutolewa kopi. Alingoja mpaka dalali alipozoa cha kwenye droo na pikipiki yake ikaunguruma mbali.

“Dada, umeme ukikatika hujazima wewe,” akasema. “Mbona umemwachia anakusema namna ile, na wewe kimya?”

Mama Herufi alikuwa anafuta meza isiyokuwa na vumbi. “Sikujua kama si mimi,” akajibu.

Katibu muhtasi alivua miwani, akamwangalia kwa macho matupu. “Kesho saa ya mapumziko, njoo ofisini kwangu,” akasema. “Njoo na mikono yako tu.”

* * *

Usiku ule baada ya kumlisha mumewe na kumfuta midevu, alikaa ukingoni mwa kitanda na kumwomba lile neno. Hakuzunguka mbuyu. Alimweleza juu ya mlinzi, juu ya simu, juu ya wateja waliotazama chini.

Mwalimu alisikiliza akitazama dari. Alipozungumza, maneno yalitoka yamevimba, kila moja likivutwa kama gunia.

“Mdogo wangu… anaangalia.”

“Anaangalia droo. Mimi ndiye ninayechapa.”

“Utaiharibu.”

“Nimekaa mbele ya mashine ile zaidi ya nilivyokaa mbele ya jiko. Nimeiharibu wapi?”

Mwalimu hakuacha kutazama dari. Mkono wake mzima ulikuwa unafinya shuka, unaachia, unafinya. Kisha akageuza uso, na ukweli ukamtoka bila kupambwa. “Mguu hauna kazi. Mkono hauna kazi. Nikikupa na hilo… mimi nitabaki na nini?”

Kama angemtukana ingekuwa nafuu. Mama Herufi aliinuka, akabeba beseni la maji machafu, na kule uani akalimwaga kwa nguvu hata yakamrukia miguuni. Yeye ndiye aliyekuwa akimgeuza usiku asipate vidonda. Yeye alijua mahali ngozi yake inapowasha asipoweza kujikuna. Mwili wote alimkabidhi, akaficha neno moja. Akasimama gizani, miguu imelowa, na hasira haikumwagika pamoja na yale maji.

* * *

Ofisi ya katibu muhtasi ilikuwa na kabati la chuma, kalenda ya mwaka uliopita na kompyuta iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa kwa uzee. Ilikuwa imezimwa.

“Kaa,” katibu akasema. “Washa.”

“Ikiungua?”

“Ikiungua tutaota moto. Washa, dada.”

Mama Herufi aliangalia ukutani kwanza kama alivyoelekezwa, akaona soketi imewashwa, kitaa chekundu kinawaka. Akawasha kioo. Halafu akapeleka kidole kwenye kitufe cha boksi, akakibonyeza, akaurudisha mkono haraka kama aliyegusa sufuria ya moto. Ndani ya boksi kitu kikaanza kuvuma. Alama ikatokea kiooni. Hapakuwa na moshi.

“Umebonyeza mara moja, inatosha,” katibu akaeleza. “Wengi huona inakawia wakabonyeza tena na tena, wakaichanganya. Iache iamke. Hata wewe ukiamshwa hukimbii palepale.”

Mashine ikaamka. Katibu akamfungulia ukurasa mtupu, akamwambia aandike chochote. Vidole vikaenda, na katibu akaguna kwa heshima. “Sasa hifadhi. Hapo. Na kila ukimaliza aya, hifadhi tena. Umeme haupigi hodi.” Mama Herufi akamkumbuka mlinzi, akauma mdomo.

“Sasa tunaizima. Unaanza na kufunga ulivyofungua. Ikikuuliza kama uhifadhi, soma swali kabla ya kujibu, usijibu kama mtu anayefukuza nzi. Umefunga vyote? Nenda pale pembeni chini. Unaona alama ya kuzima? Ndiyo hiyo. Bonyeza, kisha ondoa mikono.”

Maneno ya kuaga yakatokea kiooni. Boksi likavuma, likapunguza sauti, likanyamaza, kitaa chake kikazimika.

“Sasa ndiyo unazima soketi. Siyo kabla. Ukichomoa waya wakati bado inafanya kazi unaweza kuharibu kilichomo, hapo mumeo hakudanganya. Ila alikutisha na moto wakati ungehitaji maelezo tu.”

“Na baada ya hapo?”

“Baada ya hapo unaenda nyumbani.”

Mama Herufi alikaa mbele ya kioo cheusi akijiona uso wake ndani yake. Alikuwa ametegemea kitu kirefu, cha vitabu, kitu ambacho mwanamume anaweza kusema kimemgharimu ujana. Akaomba kurudia. Akawasha, akazima. Akawasha tena, akazima tena. Katibu muhtasi akadhani anafurahia, akawa anatabasamu, mpaka alipoona machozi yanadondoka kwenye kibodi.

“Usilie, umeshajua.”

“Silii,” Mama Herufi akasema. “Nimekasirika.”

* * *

Jumamosi dalali alifunga duka mapema. Alipakia boksi, kioo na printa kwenye bajaji, akavileta nyumbani kwa kaka yake na kuviweka sebuleni. Akatangaza kwamba kesho yake kutakuwa na kikao, na mama yao atakuwepo.

Mama mkwe alikuja Jumapili mchana, akakaa kwenye kiti kilicho karibu na mlango, fimbo katikati ya magoti. Mwalimu alikuwa ameegemezwa mito kwenye kochi, shati jipya limefungwa vifungo na mkewe. Dalali hakukaa.

“Mama, kaka, sina maneno mengi,” alianza, na maneno yakawa mengi. Alisema duka linapoteza wateja. Alisema mashine inazimwa ovyo, ameona kwa macho yake. Alisema ofisini kwake ana nafasi, na ameshapata binti wa kuchapa, msomi, mwenye cheti. Mashine ihamie kule kwa usalama. Shemeji apumzike, amhudumie mgonjwa. Kila mwezi yeye mwenyewe ataleta cha kukidhi nyumba.

“Ataleta kama anavyoleta dawa,” Mama Herufi akasema.

“Unaona, mama? Hayo ndiyo ninayoishi nayo.”

Mama mkwe hakuitikia upande wowote. Aliwatazama wanawe wawili kwa zamu, kisha akaielekeza fimbo kwenye boksi. “Mnasema mkwe wangu hajui. Mimi mwenyewe sijui, sasa nitaamuaje? Kiunganisheni hicho kitu. Nataka nione hicho asichokijua.”

Dalali akacheka, akasema hakuna shida. Akajifanya kutafuta waya wa kuanzia. Mama Herufi alipita mbele yake, akapiga magoti nyuma ya meza, akaunganisha kioo, kibodi, kipanya, akachomeka kwenye soketi ya ukutani. Akawasha soketi, akawasha kioo, akabonyeza kitufe mara moja, akaondoa mkono. Akangoja. Kutoka kwenye kochi Mwalimu alikuwa ameinua kichwa kwenye mto.

Mashine ikaamka, ikafika mahali pake ikasimama, mstari mdogo ukipepesa kwenye kisanduku cha neno la siri.

“Hapo ndipo ninapoishia, mama,” Mama Herufi akamwambia mama mkwe. “Kuwasha nimewasha. Hapa kuna mlango, na ufunguo alipewa huyu, mimi nikiambiwa nigeuke nisiuone. Kuna mlinzi amekosa rufaa yake kwa ajili ya mlango huu. Nimesikia alifika ofisi imefungwa. Sasa yuko sokoni anabeba mizigo na homa yake.”

Akamgeukia mumewe. “Mume wangu, mimi sikuombi tena. Sema mbele ya mama yako kwamba siaminiki, niinuke.”

Mwalimu alimtazama mkewe aliyepiga magoti kati ya nyaya, akamtazama mama yake, akatazama kile kioo. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso. Midomo yake ikahangaika kwa muda kabla sauti haijatoka.

“Mwambie,” alimwambia mdogo wake.

“Kaka, tulikubaliana.”

“Mwambie neno.”

Dalali alikuna shingo. “Tatizo, kaka, lile lako silitumii tena. Nililibadilisha.”

“Ulibadilisha?” Mama mkwe ndiye aliyeuliza. “Lini?”

“Siku nyingi. Kwa usalama.”

“Usalama wa nani?”

“Mama, haya mambo ya mashine…”

“Niambie jipya,” Mwalimu akasema. Alikuwa anajaribu kukaa, mkono mzima umeng'ang'ania mgongo wa kochi.

“Nitakwambia tukiwa wawili, kaka.”

“Niambie sasa.”

“Mbele yake?”

Mwalimu akavuta pumzi. “Mbele yake.”

Dalali akatikisa kichwa taratibu, kwa huruma, kama anavyomtikisia mpangaji aliyechelewesha kodi. “Kaka, wewe ni mgonjwa. Ubongo umeguswa, daktari alisema. Neno kama lile siwezi kukuachia. Ukipona tutazungumza.”

Mama Herufi aliuona uso wa mumewe pale. Aliujua uso ule, alikuwa ameuvaa yeye kila asubuhi mbele ya wateja. Kwa mara ya kwanza tangu augue, hakumwonea huruma, na pia hakufurahi. Alihisi tu hasira yake ikihama mahali ilipokuwa, ikasimama wima na kupata miguu.

Akageukia kioo. Hata kwenye mlango uliofungwa, pale pembeni chini, ile alama ya kuzima ilikuwepo. Akaibonyeza. Boksi likavuma, likanyamaza, kitaa kikafa. Akazima soketi. Akachomoa nyaya moja moja, akazikunja, akalibeba boksi kifuani kama anayebeba mtoto aliyesinzia, akaelekea chumbani.

“Hiyo inaenda kwangu,” dalali akasema, akamziba njia. “Shemeji, weka chini.”

“Sogea,” mama mkwe akasema kutoka mlangoni.

“Mama, hujui…”

“Nimekwambia sijui mashine. Nakujua wewe.” Mzee yule alikuwa ameinuka, fimbo yake imepita kati ya mwanawe na mkwewe. “Nilizaa wawili. Sikuzaa mmoja amfungie mwenzake nje ya nyumba yake, halafu amwite mwehu. Mpishe.”

Dalali akapisha. Baadaye, wakati wa kuondoka, alisema maneno mengi kuhusu shukrani ya punda na kuhusu watu watakaomfuata wakilia. Walisikia pikipiki ikikataa kuwaka, ikikataa tena, mpaka akaisukuma hadi barabarani.

* * *

Jumatatu Mama Herufi alilipeleka boksi kwa fundi wa kompyuta upande wa pili wa soko. Alikuwa mtu mnene, mpole, aliyezungukwa na mashine zilizofunuliwa matumbo. Alisikiliza, kisha akasema hawezi kufungua mashine ya mtu bila ruhusa ya mwenyewe. Mama Herufi akampigia mumewe na kumpa fundi simu. Mwalimu alichukua muda kulitoa neno la ruhusa, na fundi alingoja bila kumkatiza.

“Sawa, Mwalimu,” fundi akasema. “Tumekuelewa.”

Akachomeka flashi yake, akabonyeza hiki na kile, akaagiza chai kwa muuza chai aliyekuwa anapita. Chai ilipoletwa alikuwa ameshamaliza. Chai ilikuwa bado inatoa mvuke.

“Imekwisha?”

“Imekwisha. Kazi ndogo hii.”

“Kila kilichokuwemo kipo?”

“Kipo chote. Kufuta neno tu, mama. Hata wanafunzi wangu wanafanya.” Akaona uso wake, akaacha kutabasamu. “Kuna ubaya?”

“Hakuna,” akasema. Asubuhi zile zote za kutazama mlango. Wateja waliosikia akifundishwa adabu. Mlinzi na koti lake. Vyote vilikuwa vimening'inia kwenye kitu kinachoondolewa kabla chai haijapoa, na ndani ya nyumba yake wanaume wawili walikuwa wamekilinda kama kaburi la chifu. Alishika ukingo wa meza ya fundi mpaka vidole vikamuuma.

“Lazima uweke jipya,” fundi akasema. “Una karatasi za watu humo. Andika utakachokumbuka.” Akasogea pembeni, akachukua kikombe chake, akageukia barabarani akaanza kunywa, wala hakuambiwa ageuke.

* * *

Ilichukua muda mrefu Mwalimu kuweza kufika dukani. Alikuja asubuhi moja akiwa ameshika mkongojo wa chuma, mkewe amemshika kwapa, wakipumzika kila penye kivuli. Katika muda huo wote hakuuliza neno jipya ni lipi, naye mkewe hakumwambia. Walizungumza habari za dawa, za mazoezi ya mguu, za mama yake. Dalali hakuwa amekanyaga kwao, na kwenye ofisi yake, watu walisema, yule binti mwenye cheti alikaa anachezea simu maana hapakuwa na cha kuchapia.

Mama Herufi alimketisha mumewe kwenye benchi, karibu na ukuta aweze kuegemea. Kisha akakaa mahali pake, akawasha. Mwalimu alimwona akikagua betri mpya chini ya meza, akamwona akibonyeza na kungoja. Alipofika kwenye neno, vidole vyake vilipita juu ya kibodi kwa kasi ile ile ya kuandikia barua, hata mtu aliyetazama asingepata kitu. Hakumwambia mtu ageuke. Mwalimu alitazama magoti yake.

Kazi ilikuwa nyingi siku ile. Katibu muhtasi alileta mitihani, kinyozi alitaka bango la bei. Katikati ya asubuhi akaingia mwanamume mmoja aliyekuwa safarini kwa muda mrefu, mteja wa zamani. Alipomwona Mwalimu kwenye benchi akampa mkono, akampa pole, akakaa karibu naye na kumnong'oneza kwa ule ukaribu wa wanaume waliofahamiana zamani.

“Nina mkataba nataka uandikwe leo. Mashine iko sawa? Utanipangia saa ngapi?”

Vidole vya Mama Herufi havikusimama, lakini vilipunguza mwendo. Mwalimu aliinua kichwa. Alitazama kompyuta, printa, ile mashine ya kopi aliyoinunua kwa kuuza kiwanja cha baba yake. Mdomo wake ulianza, ukakwama, ukaanza tena, na mteja kwa adabu akainamisha sikio.

“Muulize mwenyewe,” Mwalimu akasema.

Mteja hakuelewa, akadhani ni ulimi wa mgonjwa. “Nimuulize nani?”

Mwalimu aliuinua mkono wake mzima kutoka kwenye mkongojo na kuuelekeza mezani. “Mwenyewe.”

Mama Herufi alilisikia mara zote mbili. Alimaliza aya iliyokuwa mbele yake, akaihifadhi, wala hakugeuka kumtazama mumewe. Hasira yake haikuwa mvua ya kukatika mara moja. Akamvutia mteja kiti cha karibu na meza, akamwambia, “Karibu, kaka. Mkataba wa nini?”